Kikombe cha mbao cha Wainka: mbona kila picha ina viwili?

Fundi wa Kibokoni aliuliza:

Assalaam aleikum, ndugu wa jukwaa, na wakubwa zangu nyote shikamooni.

Mimi ni mchongaji wa mbao, nina karakana ndogo mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, na riziki yangu hutoka katika miimo na vizingiti vya milango, masanduku ya harusi, na riziki inapokuwa finyu, vijiko vya saladi vya kuwauzia watalii. Mwezi uliopita alinijia mteja, mgeni aliyehamia Nyali miaka mingi, akaniachia picha ya kikombe cha mbao na kuniomba nimchongee mfano wake. Alisema kinatoka Peru, ni kazi ya Wainka waliotawala milima ya Andes kabla ya Wahispania, na jina lake ni kero. Nilitabasamu, kwa kuwa kwetu kero ni maudhi, na kusema kweli kazi hii imeanza kunikera kabla sijashika tezo.

Kikombe chenyewe kimekaa kama bilauri kubwa. Kimo chake kinakaribia shubiri, mdomo ni mpana, kiuno kimebanwa kidogo, na kitako kinapanuka tena kwa kiasi cha kusimama bila kuyumba. Ubavuni kina safu tatu za mapambo: juu watu waliovaa kanzu fupi na kushika mikuki, katikati miraba midogo yenye alama ambazo sikuzielewa, na chini maua. Rangi zake ni nyekundu, manjano, kijani na nyeupe, na zinang'aa kwa namna ambayo sijawahi kuiona katika mbao iliyopakwa rangi kwa brashi.

Nina maswali matatu. La kwanza, kikombe hiki kilitumiwa kwa shughuli gani? Nauliza kwa sababu baba yangu, ambaye ndiye mwenye karakana, amesema hachongi chombo cha ibada ya watu asioijua mpaka aelezwe. La pili, rangi hizo zimetiwaje? La tatu ndilo linalonisumbua zaidi: nilipotafuta picha nyingine mtandaoni, karibu kila mahali niliona vikombe viwili vilivyofanana kama pacha, ilhali mteja wangu anataka kimoja tu. Je, kuna maana, au ni mtindo wa wapiga picha wa makumbusho?

Mwalimu Mstaafu, Kisauni, alijibu:

Wa aleikum salaam, mwanangu, na marahaba. Nitaanza na swali lako la tatu, kwa sababu ukilielewa hilo, la kwanza litakuwa limejijibu.

Wapiga picha hawana hatia. Kero ilikuwa jozi tangu ilipochongwa. Garcilaso de la Vega, aliyezaliwa Cuzco, mji mkuu wa Wainka, mwaka 1539 na mama wa ukoo wa kifalme wa Kiinka na baba Mhispania, aliandika katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1609 kwamba vyombo vya kunywea vya watu wa mamaye, viwe vya dhahabu, vya fedha au vya mbao, vilitengenezwa viwili viwili, sawa kwa ukubwa na kwa umbo, ili wanaokunywa pamoja wanywe kipimo kimoja. Mwenyeji alijaza vyote viwili, akampa mgeni kimoja, akabaki na cha pili, wakanywa. Kwa desturi hiyo mtu mwenye kikombe kimoja alikuwa hana chombo cha kumkaribishia mwenzake, na hapakuwa na haja ya kuwa na hicho kimoja, kwa sababu kero haikuwa chombo cha mtu kukata kiu akiwa peke yake.

Kinywaji kilikuwa pombe ya mahindi. Waliotesha mahindi wakapata kimea, wakakisaga, wakakichemsha na kukiacha kichachuke. Kwa Kiquechua, lugha ya Wainka, huitwa aqha, na Wahispania walikiita chicha. Hili nalisema wazi ili mzee wako aamue akiwa na habari kamili. Kuna jambo jingine la lugha ambalo wewe kama fundi utalipenda: neno kero kwa Kiquechua linahusiana na mbao yenyewe, na kikombe cha aina hiyo hiyo kikifuliwa kwa dhahabu au fedha kilikuwa na jina lake tofauti, aquilla. Kwa hiyo aliyetamka kero alikuwa ameshataja na mbao.

Sasa shughuli yake. Dola ya Wainka haikuwa na sarafu. Mkulima aliyelima shamba la mfalme, aliyejenga barabara au kufuma nguo za ghala, hakulipwa mshahara. Alilishwa na kunyweshwa na mwenye mamlaka, na karamu hiyo ndiyo iliyokuwa malipo, shukrani na ukumbusho wa nani mkubwa kwa wakati mmoja. Mfalme alipoingiza nchi mpya chini ya himaya yake, alimpa mtawala wa pale nguo nzuri na jozi ya vikombe. Aliyevipokea na kunywa alikuwa amekubali. Mji wa Cuzco wenyewe uligawanyika sehemu mbili, ya juu iitwayo Hanan na ya chini iitwayo Hurin, na vikombe viwili vilivyo sawa viliwaweka pamoja watu ambao hawakuwa sawa. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ulipo uzito wa chombo hiki: vikombe vililingana, lakini ni mmoja tu aliyekuwa na haki ya kukikabidhi cha pili.

Kuna kisa kinachoonyesha hatari ya kukikataa. Titu Cusi Yupanqui, mmoja wa wafalme wa mwisho wa Kiinka waliojificha Vilcabamba, alisimulia mwaka 1570 kwamba Wahispania wa kwanza walipofika kwa ami yake Atahualpa, mwaka 1532, mfalme aliwapa kinywaji katika chombo cha dhahabu, na Mhispania akakimwaga chini. Atahualpa alighadhibika mno. Watu wengi hukumbuka kisa cha mji wa Cajamarca, huko huko Peru, ambapo padri alimkabidhi Atahualpa kitabu cha dini naye akakitupa, na husimuliwa kana kwamba ugomvi ulianzia hapo. Katika masimulizi ya Titu Cusi kikombe kilimwagwa kabla kitabu hakijatupwa, na mwenye kutupa kitabu alikuwa analipiza.

Usidhani pia kwamba desturi hii ilianza na Wainka, ambao dola yao kubwa haikudumu hata karne moja na nusu. Bilauri za umbo hilo zilikuwapo mamia ya miaka kabla yao, kwa watu wa Tiwanaku karibu na Ziwa Titicaca na kwa watu wa Wari, nyingi zilizosalia zikiwa za udongo kwa kuwa mbao za nyanda za juu huoza. Juu ya mlima Cerro Baúl, kusini mwa Peru, Wari walikuwa na kiwanda cha pombe, na walipokihama kiasi cha miaka 1,000 iliyopita walifanya karamu ya mwisho, wakachoma jengo, wakavirusha vikombe vyao ndani ya moto. Wanaakiolojia waliviokota vigae vyake na kuviunga.

Binti wa Rabai alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma maelezo yako nikamkumbuka babu yangu na mboko wake, kibuyu cha kunywea. Kwetu wazee wanapokaa kuzungumzia posa au kumaliza ugomvi wa mipaka, tembo la mnazi huletwa, na mwenye kuleta huonja kwanza mbele ya watu kabla ya kumpa mwingine. Tofauti niliyoiona ni kwamba sisi tunazungusha mboko mmoja, nao wanashika viwili. Babu alikuwa akisema ukiona mtu anaupitisha mboko bila kuugusa mdomo, ujue kesi haijaisha. Naona hata Atahualpa angemwelewa.

Fundi Njumu, Bondeni, alijibu:

Ndugu yangu wa Kibokoni, mimi nitakujibu la rangi, kwa kuwa nimelifuatilia kwa miaka kadhaa kwa sababu za kazi, na kwa kuwa nusu ya watu wanaouza nakala za vikombe hivi wanalikosea.

Unachokiona pichani hakikupakwa. Kimetiwa njumu. Mchongaji alichora sura ya mtu au ua juu ya mbao, akalichimba eneo lote la sura hiyo kwa kina kidogo, kisha akajaza shimo hilo kwa utomvu uliochanganywa na rangi, mpaka ukalingana na uso wa mbao. Ukipitisha kidole juu ya kikombe kilichotunzwa vizuri huhisi kingo. Ni kanuni ile ile ya njumu ya pembe au ya shaba tunayoitia sisi katika viti vya enzi na masanduku, ila wao walijaza kitu laini kikakauka, nasi tunapigilia kitu kigumu.

Utomvu wenyewe unaitwa mopa mopa. Unatoka katika machipukizi ya mti wa msituni kusini mwa Kolombia, ambao wataalamu wa mimea huuita Elaeagia pastoensis. Usiufananishe na sandarusi yetu, ambayo huyeyuka katika mafuta ikawa vanishi, huu haumiminiki. Machipukizi huchemshwa, takataka zikatolewa, zamani kwa kutafuna, kisha donge hukandwa likiwa moto pamoja na rangi ya unga. Likishalainika huvutwa kwa mikono na meno mpaka liwe utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Utando huo hukatwa kwa ncha ya kisu kufuata umbo, ukalazwa mahali pake na kubanwa kwa joto, nao hujishika wenyewe bila gundi. Mafundi wa mji wa Pasto, huko Kolombia, wanaifanya kazi hiyo hadi leo, ingawa wao huubandika utando juu ya mbao bila kuchimba, na mwaka 2020 UNESCO iliiweka sanaa yao katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Rangi walizochanganya zimepimwa katika maabara za makumbusho. Nyekundu ilitoka ama katika madini ya zebaki ama katika vidudu wanaoishi juu ya mipungate, manjano katika madini yenye sumu ya aseniki, buluu katika nili, na kijani katika shaba. Nyeupe ndiyo iliyoleta kizaazaa. Katika vikombe kadhaa wapimaji walikuta titani, na kila fundi wa rangi anajua kwamba rangi nyeupe ya titani ilianza kutengenezwa viwandani karne ya 20 tu. Ikaonekana kana kwamba vikombe vimeghushiwa, au vimekarabatiwa juzijuzi na mtu asiyejua kazi. Baadaye iligunduliwa kwamba mpakani mwa Peru na Chile kuna mahali ambapo ardhi yenyewe ina unga mweupe wa titani uliochanganyika na silika, sawasawa na ule wa vikombe. Mafundi wa Andes walikuwa wameuchota unga huo na kuutumia karne tatu kabla ya viwanda kuufahamu, na baada ya muda wakauacha wakahamia nyeupe ya risasi iliyoletwa na Wahispania. Kwa hiyo leo nyeupe ya titani, iliyokuwa ushahidi wa udanganyifu, inasaidia kuonyesha kwamba kikombe ni cha miaka ya mwanzo ya ukoloni.

Hapo kuna jambo la kumweleza mteja wako. Kikombe chenye watu, maua na rangi nyingi, kama hicho cha pichani, karibu hakika kilitengenezwa baada ya Wahispania kuingia, ingawa mikono ni ya mafundi wa Andes na sherehe ni zile zile. Kero za mbao za kabla ya hapo nyingi hazina rangi. Zimechanjwa mistari iliyonyooka, miraba ndani ya miraba, pembe zinazorudiarudia, basi. Ile miraba ya safu ya katikati ambayo hukuielewa inaitwa tocapu, na ndiyo iliyofumwa pia katika nguo za wafalme.

La mwisho, na hili ni la fundi kwa fundi: usikereze. Najua mashine ya kukereza itakumalizia kikombe kabla ya adhuhuri, lakini Wainka hawakuwa na kerezo wala hawakuwa na chuma. Walichonga kwa mawe na kwa patasi za shaba iliyochanganywa na bati. Ukikitazama kikombe chao cha kale kutoka juu utaona mdomo si duara kamili, na ukuta una mahali pana na mahali pembamba. Kikombe kilichokerezwa kinajulikana kwa mbali, kama mlango uliochongwa kwa kompyuta.

Msomaji wa Likoni alijibu:

Nawaheshimu walionitangulia, lakini naona swali la mzee wa karakana limepitiwa juu juu. Mimi nilisoma kwamba watu hao wa Peru walikuwa na mti uliochongwa sura ya mungu wao, nao waliupaka damu ya watu mpaka ukawa mwekundu. Kama mbao zao za ibada zilikuwa hivyo, kikombe nacho kitakuwa na yake. Afadhali mzee ajiepushe.

Mwalimu Mstaafu, Kisauni, alijibu:

Ndugu wa Likoni, mti unaousema naufahamu, na umefanya vizuri kuutaja, kwa sababu hiyo habari ya damu ilisemwa kwa miaka mingi na ikaja kupimwa.

Ni nguzo ya Pachacamac. Pachacamac ni mahali pa ibada karibu na bahari, kusini mwa Lima, ambapo watu walisafiri kutoka mbali kwenda kuuliza mambo yajayo. Hernando Pizarro alifika huko mapema mwaka 1533, akaingia katika chumba kidogo cha giza ambacho hata wenyeji wengi hawakuruhusiwa kukitia mguu, akakuta sanamu ya mbao, akaamuru ivunjwe mbele ya watu ili waone kwamba hakuna litakalompata. Mwaka 1938 Albert Giesecke alipata katika vifusi vya hekalu lililopakwa rangi nguzo ya mbao yenye urefu wa mita 2.34 na kipenyo cha sentimita 13, iliyochongwa kuanzia juu hadi karibu na chini. Kileleni pana mtu mwenye sura mbili, mmoja akitazama mbele na mwingine nyuma, wala mavazi yao hayafanani. Chini yao kuna wanyama, nyoka na alama za kujirudia.

Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vyake. Umri wa mbao ulionyesha kwamba iliandaliwa kati ya mwaka 760 na 876, yaani karne kadhaa kabla Wainka hawajafika pwani hiyo. Nao walipoiteka Pachacamac hawakuiondoa, waliendelea kuihudumia. Na ule wekundu si damu. Ni madini ya zebaki, yale ambayo Waswahili wa zamani waliyaita zinjifuri, jina ambalo sasa wengi wetu tunalijua kwa ajili ya mbegu za kutia rangi tu. Palikuwa pia na mabaki ya manjano na meupe. Madini mekundu ya namna hiyo hayapatikani pwani pale. Machimbo yanayojulikana zaidi ni ya Huancavelica, juu milimani, mamia ya kilomita kutoka hekaluni. Aliyeipamba nguzo hiyo alilipia msafara.

Kafara za watu zilikuwapo Andes, na sitazificha ili kumfurahisha mteja. Lakini kero haikuwa chombo cha kafara hizo. Kama mzee wa karakana ana shaka, shaka yake ya haki ni pombe, na hilo ataliamua yeye na dini yake. Aidha, asidhani kwamba ni yeye wa kwanza kuwa na wasiwasi na michoro hiyo. Miaka ya 1570 gavana mkuu wa Kihispania, Francisco de Toledo, alitoa amri kwamba ndege na wanyama ambao wenyeji waliwachora katika vyombo vya kunywea vya mbao na vya fedha, na katika milango ya nyumba zao, wakwanguliwe na wasichorwe tena, kwa kuwa aliamini wanaabudiwa. Milango, mwanangu! Fundi wa Kibokoni angekula wapi chini ya amri hiyo? Hata hivyo haikufua dafu. Vikombe vyenye chui, kasuku na upinde wa mvua unaotoka vinywani mwa chui vilizidi kuchongwa kwa karne mbili zilizofuata.

Mtembeza Wageni wa Ngomeni alijibu:

Nawasalimu wote. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni Fort Jesus na Mji wa Kale, na mara kwa mara huulizwa kwa nini tuna mawe na vigae vingi kuliko mbao za kale. Jibu langu ni mchwa na unyevu. Ukilinganisha na pwani ya Peru utashangaa, kwa kuwa nao wana bahari, lakini mkondo wa maji baridi unaopita hapo huzuia mvua, na nchi ni jangwa hadi ufukweni. Ndiyo maana mbao zao zinadumu ardhini kwa miaka elfu na zaidi. Karibu na mji wa Trujillo, katika magofu ya udongo ya Chan Chan yaliyokuwa makao ya Wachimu, watawala wa pwani hiyo kabla ya Wainka, mwaka 2018 zilipatikana sanamu 19 za mbao zenye kimo cha sentimita 70 hivi, kila moja ikiwa ndani ya shubaka lake ukutani, na nyuso zao zimefunikwa barakoa za udongo. Katika visiwa vya Macabí, watu waliokuwa wakichimba mbolea ya kinyesi cha ndege karne ya 19 walizikuta chini sana sanamu za mbao za mateka walio uchi, wamefungwa kamba shingoni, kazi ya Wamoche walioishi kati ya mwaka 200 na 800. Mbolea ile ilikwenda Ulaya kurutubisha mashamba, na sanamu zikaishia makumbusho.

Neno langu kwa fundi ni hili. Kuiga si kosa, lakini vitu havifanani. Sisi hapa tuna vigango, nguzo za mbao za ukumbusho, ambavyo Wagiriama humsimamishia mzee wa chama cha Gohu baada ya kufa kwake, na ambavyo havitakiwi kuhamishwa vilipowekwa hata vikioza. Tangu miaka ya 1980 viliibwa kwa wingi, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaenda kukaa Marekani. Vingine vimerejeshwa, viwili vya kwanza mwaka 2007, na familia ya mwenyewe ilikuwa ikivitafuta zaidi ya miaka 20. Mtu akiniomba nimtafutie fundi wa kuiga kigango, namkatalia. Kero ni jambo jingine, kwa sababu tangu asili ilichongwa ili ikabidhiwe mtu, ihame mikono, iende ugenini na aliyepewa. Lakini usikipake moshi wala majani ya chai ili kionekane cha kale, hata mteja akikuomba, na chini ya kitako uchonge neno nakala, jina la Mombasa na mwaka. Nimeona vitu vilivyotoka katika karakana za mji huu kwa uaminifu vikauzwa mbele ya safari kama mali ya kaburini.

Fundi wa Kibokoni alijibu:

Ndugu zangu, ahsanteni sana, na Mwalimu, baba anakusalimu. Nilimsomea majibu yote baada ya swala ya isha. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema lolote, isipokuwa tulipofika pale pa kukwangua ndege milangoni, aliponiambia nirudie. Kisha akasema kikombe akichonge, cha kutiwa ndani yake ni juu ya mwenye kukinunua.

Nilimweleza mteja kwamba kero ni jozi na nikamtajia bei ya viwili. Alisema mezani kwake pana nafasi ya kimoja. Sikubishana naye, nikachonga viwili kutoka katika gogo moja la mvule, kwa hesabu kwamba cha pili kitakuwa cha kuonyesha dukani. Sikukereza. Nje nilitumia tezo, na ndani nilichimba kwa bobari, kidogo kidogo, nikikipima ukuta kwa kidole gumba na cha shahada, na ndipo nilipofahamu alichokisema Fundi Njumu: mkono hauwezi kuuona ukuta wa upande wa pili, unausikia tu kwa mlio, na mlio ukishakuwa mwembamba unaacha, hata kama duara halijakamilika. Rangi za wekundu na manjano nimezitia kwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga, kwa kuwa mopa mopa siwezi kuipata. Zimelingana na mbao, lakini hazina ule mng'ao wa pichani.

Juzi alfajiri nilikuta kimoja kina ufa mwembamba kama unywele, kutoka mdomoni hadi kiunoni, ukipita katikati ya mtu mwenye mkuki. Gogo halikuwa limekauka vizuri, kosa ni langu. Mteja alipofika jioni alikichukua kile kizima, akakigeuza, akasoma maandishi ya chini, akatoa pesa. Baba, aliyekuwa amekaa kwenye baraza na tasbihi yake, akamwambia kwa upole kwamba kimoja hakitoki. Mgeni alidhani ni mzaha. Nilipomfasiria habari za Cuzco na za kikombe kilichomwagwa, alikaa, akaomba kahawa, na wakazungumza na baba mpaka magharibi.

Gogo jingine la mvule liko juu ya dari, nimelipaka nta ncha zote mbili ili likauke polepole. Mteja ameambiwa arudi baada ya Idi, naye amelipa arubuni ya viwili.